Naombeni ushauri: hadithi ipi niwasomee watoto wa darasa la pili?

ChakiNyeupe: Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa msingi. Kabla ya kengele ya mwisho huwa nawasomea watoto hadithi kwa sauti. Ninazo mbili: moja ya wanyama, fupi, inachekesha. Nyingine ndefu, ya binti anayeteswa na mama wa kambo, inakwenda siku kadhaa. Ipi inafaa? Mwenzenu hata usingizi sipati.

MzeeWaKona: Usingizi kwa ajili ya hadithi? Mitihani ikifika si utalazwa!

MamaWawili: Chukua ya wanyama. Isome kwanza peke yako kwa sauti, uone ulimi unakwama wapi. Fisi mpe sauti nzito ya puani, sungura ya haraka haraka, na ole wako uzichanganye, watakukosoa papo hapo. Kiitikio waachie waseme wao. Usisimame kila mstari kuuliza maswali, utaua utamu. Mwalimu wetu alikuwa akifunga kitabu jambo likikaribia kutokea! Tulimchukia, na kesho yake hakuna aliyechelewa.

Kipanga: Ndefu nayo haina shida, mtoto anaelewa kwa sikio hadithi asiyoweza kuisoma mwenyewe. Ila kwa nini ya mama wa kambo ikunyime usingizi? Kuna kitu hujasema.

ChakiNyeupe: Basi tu. Nilipofika pale binti ananyimwa chakula, mtoto mmoja aliinamia dawati hakuinua kichwa tena.

Kipanga: Kumbe ushaanza kuisoma! Sasa unatuuliza nini? Na huyo mtoto ni nani?

ChakiNyeupe: Nipo katikati. Darasa zima linadai niendelee. Huyo mtoto ni wa mume wangu, mama yake alifariki. Tunaishi vizuri tu, msinifikirie vibaya. Na hadithi nzuri haiachwi kwa sababu ya mtoto mmoja.

MtuWaDua: Dada, muogope Mungu. Siku hizi watu wanakimbilia ndoa bila kujiuliza kama wana moyo wa kulea. Mimi nimelelewa na mama wa kambo, nayajua. Alinisomesha mpaka mwisho, lakini nayajua.

FundiManeno: Tuache mahubiri. Ndugu Grimm wa Ujerumani walipochapa hadithi ya yule binti mweupe kama theluji mwaka 1812, mtesaji alikuwa mama mzazi kabisa. Toleo la 1819 ndipo wakamfanya mama wa kambo. Wenyewe walibadilisha, wewe unaogopa nini? Mwite shangazi, usonge mbele.

MamaWawili: Mashangazi tumekukosea nini?

ChakiNyeupe: Haiwezekani. Hawa wa darasa la tatu hawasahau kitu, nikibadilisha hata jina la mbuzi wananishika. Na nimeshaahidi kuimaliza kesho.

MzeeWaKona: Haya, wote someni tena. Kichwa cha uzi darasa la pili, hapa la tatu. Mama wa kambo anasoma hadithi ya mama wa kambo mbele ya mtoto wa kambo. Hii chai, na sukari imezidi.

ChakiNyeupe: Nafundisha yote mawili, yeye yuko la tatu. Au mnataka na barua ya ajira?

FundiManeno: Mimi nilishtuka tangu "usingizi sipati". Huyu ni mtunzi, anatupima.

Kipanga: Chai au si chai, umemuuliza mtoto kwa nini aliinama? Huenda alisinzia tu. Na kama hakusinzia, wa kumuuliza kabla ya kesho ni yeye, si sisi.

ChakiNyeupe: Nitaanzaje? Hata nyumbani ananiita mwalimu.

MamaWawili: Samahanini, kwani yule binti alinusurika? Malizia hapa hapa basi.

MzeeWaKona: Si niliwaambia! Ngojeni sasa tuambiwe kitabu kinauzwa wapi.