Naomba ushauri: matairi ya Nissan Leaf kwa barabara za Mbeya

Habari za leo wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa matairi.

Gari ni Nissan Leaf, ya umeme, matairi saizi 205/55R16. Kila siku ni Mbeya–Tukuyu, na mara mbili kwa mwezi inapanda Kitulo kupitia Isyonje. Ilitoka Japani na matairi ya theluji, yale yenye alama ya mlima na chembe ya theluji ubavuni. Mpira wake ni laini, wa baridi ya chini ya nyuzi 7, kwa hiyo kwenye lami ya mchana unalika haraka. Ukibonyeza kashata (vile vinundu vya mpira vinavyogusa barabara) kwa ukucha inabonyea. La mbele kulia limebaki milimita 3. Leaf inavuta mbele na nguvu yake inakuja papo hapo: ukikanyaga mlimani palipolowa, tairi linazunguka kwanza ndipo gari iondoke.

Nimehamishia mbele yale ya nyuma, nimefanya alaimenti (kunyoosha magurudumu), upepo nimeweka PSI 36. Afadhali kidogo, ila kwenye tope bado.

Dukani nimepata mapya ya misimu yote, 94 XL, yaani yaliyoimarishwa, yanayobeba kilo 670 kila moja. Kuna pia mitumba ya theluji yenye namba 3519, yaani wiki ya 35 ya 2019. Kashata bado nene, lakini mpira ukizeeka hukakamaa, na hilo linanitia hofu.

Je, ya misimu yote yanashika vizuri asubuhi za Juni na Julai, umande unapoganda Kitulo? Na aliyeyafunga kwenye gari ya umeme, chaji moja ilipungua kilomita ngapi?

Natanguliza shukrani.