Naomba ushauri: tunapinga kituo cha pampu, si bomba la majitaka

Wakuu, mtaa wetu hapa Dar umepangiwa bomba kuu la majitaka la milimita 600, na kituo cha pampu mita 15 tu kutoka ukuta wa nyumba ya kwanza. Kamati inataka kukataa mradi mzima. Hilo naona ni kosa. Vyoo vya shimo vinafurika kila masika.

Hoja zenye nguvu ni mbili. Mchoro unaonyesha pampu moja, haina ya akiba wala jenereta: umeme ukikatika, chemba ya bondeni ndiyo itakayotapika. Halafu mtaro wa kina cha mita 4 kwenye mchanga ambao maji ya ardhini yako karibu na uso. Wakiyavuta ili wachimbe, mchanga unashuka na kuta za jirani zinapasuka. Nani ana mfano wa kipengele cha kumbana mkandarasi apige picha za nyufa zilizopo, zenye tarehe, kabla ya kuchimba?

Na pingamizi lianzie halmashauri, au liende NEMC (baraza la taifa la mazingira) moja kwa moja kabla cheti cha mazingira hakijatoka? Kule Bermondsey, London, wakazi waliokoa bustani ya King's Stairs, shimo la kuchimbia handaki la majitaka la Thames likapelekwa Chambers Wharf, jirani tu, na kilio kikahamia huko. Sitaki tuwasukumie wenzetu.