Voisi moja tu mjomba kauza korosho zote kwa kangomba, hivi hii hofu nani anaitengeneza?

mtoto_wa_Chikongola:
Wakuu habari za jioni. Mjomba wangu yuko Tandahimba huko, juzi kanipigia anasema kashauza gunia zote kwa kangomba, yani wale walanguzi wanaopima kwa bakuli, namuuliza mjomba si ungesubiri mnada wa chama cha ushirika anasema "wee, mwaka huu hela za chama hazitoki, nimesikia." Umesikia wapi? Akanirushia voisi ya Wasapu, dakika mbili na kitu, jamaa anaongea kwa kunong'ona kama anafukuzwa, nyuma jogoo anawika na mtu anatwanga, hataji jina wala chama gani, anasema tu "wazee wangu nawaambia kwa kuwa nawapenda." Kesho yake asubuhi wanunuzi hao na bakuli zao mlangoni. Yani hofu ilitangulia usiku, wao wakafuata mchana. Sasa nauliza ni bahati mbaya au watu wamejipanga?

Mama Nanyamba:
Mwanangu bahati mbaya gani inakuja na bakuli? Ila na sisi wakulima tusijitoe, hofu haioti pasipo na udongo. Msimu ule wa 2018 serikali ilivyosema inanunua yenyewe kwa 3,300 kilo wanajeshi wakaja kubeba, kuna watu walisubiri hela mpaka wakachoka. Mtu aliyeungua hivyo ukimnong'oneza neno moja tu anakimbia. Wale wa kangomba wanalijua hilo kuliko sisi.

kaka_wa_Ruangwa:
Huku kwetu 2022 ule ugonjwa wa kutoka damu puani, kabla wataalamu hawajasema kitu tayari magrupu yamejaa majibu, mara uchawi mara sumu mara sijui nini, na stendi kuna bwana anauza dawa ya kufukiza chupa buku mbili, nilimuona kwa macho yangu watu wamepanga foleni. Mwezi wa saba wizara ikaja kusema ni homa ya mgunda, inatokana na mkojo wa wanyama kama panya, wagonjwa 20 waliokufa 3. Yule bwana siku ya pili hayupo 😂 Zile siku ambazo hakuna jibu ndo duka lake lilikuwa wazi.

Baharia Mikindani:
Mi naona mnasahau upande wa pili. Aprili 2019 tuliambiwa kimbunga Kenneth kinakuja, na Beira kule Msumbiji ilikuwa imetoka kupigwa na kimbunga Idai mwezi mmoja tu nyuma, tukafunga maduka tukapanda juu na watoto na magodoro, kimbunga kikaenda zake Cabo Delgado wenzetu wakaumia. Sisi tukarudi tunacheka, "watu wa hali ya hewa wametutisha." Basi Mei 2024 wakatangaza Hidaya, jirani yangu anasema nao hao na vimbunga vyao. Barabara ya Dar ilikatika upande wa Somanga, mabasi yakalala njiani, ndo akanyamaza. Kwa hiyo anayekutisha kwa faida yake anakuibia mara mbili, korosho leo, na kesho masikio, maana hata ukiambiwa la kweli husikii tena.

Mama Nanyamba:
@Baharia hapo umenena. Na bibi zetu walitishwa na mumiani, wale waliosemwa wananyonya damu za watu, gari la zimamoto likipita mtoto anaingia uvunguni. Tofauti yake mumiani alitembea kwa miguu, hii voisi inafika Newala kabla chai haijachemka.

kaka_wa_Ruangwa:
Alafu angalia zile alama za Wasapu, ikiandikwa "imesambazwa mara nyingi" ujue aliyekutumia hajui imetoka wapi, kaipata kwa shemeji naye kaipata kwenye grupu la harusi.

mtoto_wa_Chikongola:
Nimerudi. Nimempigia katibu wa chama chao, anasema mnada upo na tarehe imeshabandikwa ubaoni. Mjomba kabakisha gunia mbili alizoficha kwa shangazi bila kuniambia, hizo hauzi. Ila kuna kitu, dada yangu kasikiliza ile voisi anasema hiyo aliipata msimu uliopita, jogoo yule yule. Kama kuna mtu hajaifuta ya mwaka jana anirushie nilinganishe.