Mahdia kwa siku moja: kwa nini msikiti wake mkuu hauna mnara?

BintiPangani:
Assalamu alaykum. Nipo Sousse, Tunisia, kwa mafunzo ya wiki tatu. Ijumaa hatuna darasa, nataka nipande treni ya pwani niende Mahdia. Mwenyeji wangu ananiambia nishukie Monastir, eti Mahdia wamebaki wavuvi tu. Mimi mtoto wa Pangani, neno "wavuvi" halinikatishi tamaa. Ila kuna jambo linanisumbua: kwenye picha msikiti mkuu wa pale hauna mnara kabisa, na lango lake limejitokeza mbele kama la ngome. Mnara ulianguka? Na mji mdogo vile ulipataje kuwa makao ya khalifa?

MamaNassor:
Wa alaykum salaam mwanangu. Niliishi Tunis miaka sita, na Mahdia nimekwenda kila nilipopata upenyo. Nenda, usisite.

Weka mkono wako mezani, kiganja chini. Hiyo ndiyo Mahdia. Waandishi wa zamani wa Kiarabu walisema rasi ile ni kama kiganja kilichoshikana na kifundo chake, na ukiitazama juu ya ngome unaona hawakutia chumvi. Urefu kama kilomita moja na nusu, upana nusu kilomita haufiki, bahari pande tatu. Aliyeichagua ni Ubayd Allah al-Mahdi, khalifa wa kwanza wa ukoo wa kitawala wa Fatimiya. Alitangazwa mwaka 909, lakini yeye ni Shia Ismailia, na mji mkubwa wa nchi, Kairouan, umejaa wanazuoni wa Kisuni, wa madhehebu ya Kimaliki, wasiomkubali. Mtu wa namna hiyo halali usingizi mjini kwa watu. Akaanza kujenga mnamo 916, akahamia 921. Kazi kubwa ilikuwa kukifunga kile kifundo kwa ukuta.

Ukishuka kituoni utembee kidogo utakutana na lango la ukuta huo, Skifa el Kahla, yaani skifa (njia ya kuingilia iliyoezekwa) nyeusi. Lililopo leo limejengwa upya baadaye, lakini mahali ni palepale. Usilipite mbiombio. Unatoka kwenye jua kali, unaingia njia ndefu yenye dari la mawe, baridi inakupanda miguuni, macho yanachukua muda kuzoea. Adui naye angeingia hivyo hivyo, haoni kitu. Skifa, kwa Kiarabu saqifa, na sakafu yetu ni mzizi mmoja. Wenzetu wameuacha juu darini, sisi tumeushusha chini miguuni. Mtu wa Lamu akipita hapo atakumbuka wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia, ingawa wikio ni chumba cha familia na hii ni kazi ya vita.

Na vita vilikuja. Mwaka 945 Abu Yazid, kiongozi wa waasi waliyemwita mtu wa punda, aliuzingira mji miezi kadhaa. Al-Mahdi alikuwa ameshafariki, ndani yumo mwanawe al-Qa'im. Kifundo hakikufunguka. Miaka michache baadaye Wafatimiya wakahamishia makao karibu na Kairouan, na mwaka 969 jeshi lao likaichukua Misri na kuanzisha Kairo. Kwa hiyo mwenyeji wako akikwambia ni wavuvi tu, mwambie Kairo ilizaliwa na watu waliotoka kwenye kile kiganja.

Sasa msikiti. Mnara haukuanguka, haukuwepo. Watawala wale hawakuweka minara kwenye misikiti yao ya mwanzo. Fahari yote waliipeleka kwenye lango, maana ndipo khalifa alipopita. Yale maungo mawili mazito kwenye pembe za mbele ni mabirika: mvua inashuka kutoka paani inahifadhiwa humo. Rasi ya mwamba haina mto, maji ndiyo uhai. Jengo la ndani limejengwa upya miaka ya 1960, ila lango ni la zamani.

NahodhaMstaafu:
Ahsante Mama. Naongeza la baharini. Mwaka 1907 wapiga mbizi wa sifongo waliona chini, kama mita 40, vitu vilivyolala safu safu wakadhani mizinga ya kivita. Kumbe nguzo za marumaru. Ni jahazi lililozama karne ya 1 kabla ya Kristo, limebeba nguzo na sanamu za shaba kutoka Ugiriki. Binti, usizitafute Mahdia, zipo jumba la makumbusho la Bardo, Tunis. Ila bandari ya Fatimiya ipo, bwawa dogo lililochongwa ndani ya mwamba. Al-Bakri, mwanajiografia wa karne ya 11, aliandika kwamba lilichukua merikebu 30, na mdomoni palikuwa na minara miwili na mnyororo wa chuma kati yake.

Kuta za huko mbona zimekatika hivyo?

MamaNassor:
Wahispania, kaka yangu. Waliuteka mji mwaka 1550 kutoka kwa Dragut, nahodha mkuu wa upande wa Waturuki, na walipoondoka 1554 wakazilipua kuta kwa baruti ili asinufaike mwingine. Kila nikipita hapo roho inaniuma. Ngome kubwa unayoiona juu, Borj el Kebir, ni ya Waturuki, 1595.

BintiPangani:
Nimerudi. Shikamoo Mama, nashukuru sana.

Nilisimama ndani ya skifa kama ulivyoniagiza, nikaweka kiganja ukutani, jiwe baridi na nje saa sita mchana. Kisha nikapanda ngomeni. Makaburi ni mengi, meupe pe, yanateremka mteremko wote kuelekea bandari ile ya kale, na nyasi zimeota katikati. Ndani ya bwawa kulikuwa na mashua saba, nimezihesabu, zimepakwa buluu, na mzee mmoja amekaa juu ya jiwe anashona nyavu kwa sindano ya mbao, sawasawa na babu yangu. Nikamwamkia kwa Kiarabu changu cha madrasa, akasogea nikae.

Jioni nikaenda bandari mpya. Wanavua dagaa usiku kwa taa! Taa zao kubwa kuliko karabai zetu, lakini kazi ileile. Zilipowashwa moja moja nikasahau saa, treni ikaniacha, nikarudi Sousse kwa gari la abiria wa kuchangia, lile wanaloliita louage.

Nahodha, Bardo nakwenda wiki ijayo. Nianzie chumba gani?

NahodhaMstaafu:
Ulizia vyumba vya Mahdia, utaelekezwa. Anza na sanamu za shaba, nguzo ziache mwisho.