Paa la vigae la zamani linavuja: ning'oe lote?

Swali: Wakuu, nyumba niliyorithi kwa bibi ina paa la vigae vya udongo, na mtaa wetu unahifadhiwa kwa historia yake. Mvua ikinyesha, dari inalowa karibu na dohani. Fundi anataka kung'oa vigae vyote aezeke bati. Roho inaniuma, kigae kimoja bado kina alama za vidole vya aliyekifinyanga.

Jibu: Usikubali haraka, ndugu. Kigae kilichochomwa vizuri kinaweza kupita miaka 100. Kinachokufa mapema ni misumari na papi, yaani mbao nyembamba zinazobeba vigae. Panda darini wakati wa mvua, na tochi mkononi. Maji hutambaa kwenye mbao kabla ya kudondoka, hivyo tundu huwa juu zaidi ya doa.

Jibu: Na ulizia kibali kwanza. Mitaa ya namna hiyo mara nyingi hairuhusu kubadilisha paa kiholela.

Muulizaji: Nimepanda leo. Vigae vizima! Bati linaloziba kiungo cha dohani limeliwa na kutu, kidole kimepita. Papi mbili zimeoza.

Jibu: Basi badilisha bati hilo na papi hizo tu, misumari iwe ya shaba. Kila kigae kinachotolewa kiandike namba kwa chaki, kirudi pale pale.