Msukumo ninao, ila kwenye fedha unatoka picha ya jani tu. Mbunifu wa vito anaanzia wapi?

Mwanagenzi

Habari wakuu. Natengeneza hereni na vidani vya fedha 925 (fedha halisi asilimia 92.5), bamba la 0.8 mm, msumeno wa mkono, kulehemu kwa gesi. Kazi ya mikono inakwenda, ubunifu ndio umekwama. Vinavyonivutia ni vitatu: maganda makavu ya mbegu (yale ya jamii ya kunde, yanayopasuka na kujisokota), nyavu za kuvulia samaki, na vivuli vya mwanga unaopita kwenye matundu ya nakshi. Nikivihamishia kwenye fedha napata jani lililokatwa, au kipande cha wavu kilichobandikwa juu ya bamba. Vinapendeza, lakini ukivichanganya na vya watu wengine huwezi kujua vipi ni vyangu.

Nataka vipande sita vinavyoonekana vimetoka mkono mmoja. Tena natakiwa kuandika maelezo mafupi ya falsafa yangu ya ubunifu, na kila nikijaribu yanatoka maneno kama "uzuri wa asili" na "upekee". Mnaanzaje?

Fuawe

Mkuu, unachora mstari wa nje wa kitu. Mstari wa nje kila mtu anauona, ndiyo maana kazi zinafanana. Chukua kile ambacho kitu kinafanya.

Tuanze na hilo ganda lako. Lilipasue kwa wembe, ulitazame kwa lenzi. Ukuta wake una tabaka mbili za nyuzi zilizolala kwa mwelekeo unaopishana. Likikauka, kila tabaka linanywea upande wake, ndiyo maana nusu mbili zinaachana na kila moja inajisokota. Sasa unavyo vitenzi vitatu vya kufanyia kazi: kushikana kwenye mshono mmoja, kuachana, kujisokota. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji uchore ganda.

Fanya zoezi hili kabla hujagusa fedha. Gawa karatasi katika vyumba ishirini vya 4 × 4 cm, kila chumba dakika mbili, usifute. Kando ya kila mchoro andika kitenzi. Michoro ya mwanzo itakuwa majani yaleyale, iache itoke, inasafisha kichwa. Ukifika katikati umbo linakwisha na mkono unalazimika kutafuta kitu kingine. Chagua mitatu, ikate kwa kadibodi, itundike kwa uzi, ivae mbele ya kioo ukiwa umesimama mita mbili. Ambacho hakisomeki kwa umbali huo ni mapambo ya kwenye karatasi tu.

Kisha hamia kwenye chuma, yaani fedha yenyewe. Ukanda wa upana wa 6 mm, urefu wa 60 mm, unene wa 0.8 mm. Ulainishe kwa moto hadi wekundu hafifu unaoonekana kwenye kivuli (karibu 600–650 °C), uzimishe kwenye maji. Ncha moja ibane kwenye jiliwa lenye ngozi mdomoni, nyingine kwa koleo, zungusha nusu duara. Kingo za ukanda zinasafiri mwendo mrefu kuliko katikati, kwa hiyo ndizo zinazovutika zaidi. Mkwaruzo wowote wa tupa ulioachwa kwenye ukingo ndipo ufa utakapoanzia. Piga msasa wa 400 kwenye kingo kabla ya kusokota. Ukihisi ukanda umeanza kugoma, ulainishe tena kwa moto, usilazimishe.

Na hereni ni mbili. Moja isokote kulia, nyingine kushoto. Zikisokotwa upande mmoja, usoni zinaonekana kama zote zinakimbilia bega moja.

Koleo_Bapa

Mimi na Fuawe tutabishana kidogo hapo kwenye karatasi. Mstari wa kalamu hauna unene wala uzito, chuma kina vyote viwili. Wapo wabunifu waliofika mbali kwa kuanza na masharti ya kazi yenyewe. Alexander Calder, mchongaji Mmarekani (1898–1976), alitengeneza mamia kwa mamia ya vito vya waya wa shaba na fedha akiugonga kwa nyundo, na kwa sehemu kubwa alikwepa kulehemu: alikunja, akafunga, akapiga ribiti (kijiti cha chuma kinachopita kwenye tundu na kugongwa kichwa kila upande). Sharti hilo peke yake linatosha kufanya kazi yake itambulike ukiwa mbali.

Kwa hiyo jiwekee masharti matatu ya kukubana kwelikweli. Mfano: hakuna kulehemu isipokuwa kulabu ya sikio, kila kipande kina kiungo kimoja kinachocheza, waya wote ni wa 1.2 mm. "Nitumie maumbo ya asili" usilihesabu, halikuzuii kufanya chochote.

Ukitaka kuona chuma kinavyochora chenyewe, chukua waya wa 2 mm uliolainishwa, ugonge ncha tu kwenye fuawe kwa nyundo yenye uso uliobinuka. Mstari unakuwa mpana na mwembamba pale nyundo ilipopita, na waya unakakamaa papo hapo. Fuawe ikiwa na kovu, kovu hilo litajichapa kwenye kila waya, basi ing'arishe kwanza.

Bi_Kidani

Wote wawili mmesahau mvaaji. Mwili una masharti yake, nao haubembelezwi.

Mbunifu wa vito Elsa Peretti (1940–2021) alitoa umbo la bangili yake maarufu ya mfupa kwenye mifupa halisi aliyoiona kwenye kanisa la Wakapuchini huko Roma, lakini kilichoibeba bangili ile ni kwamba imebinuliwa kufuata kifundo cha mkono. Msukumo ulitoka kaburini, umbo likamaliziwa na mkono wa mvaaji. Mbunifu Vivianna Torun Bülow-Hübe wa Uswidi aliitengenezea kampuni ya vito ya Georg Jensen ya Denmark saa ya bangili iliyo wazi, isiyofunga mduara, yenye uso wa kioo cha kujitazamia usio na tarakimu. Wazo la kutofungwa na muda limo kwenye bangili yenyewe, huhitaji kusimuliwa.

Mwanagenzi, mambo ya kupima kabla hujapenda mchoro wako:

Uzito. Hereni ikizidi gramu 6 hivi kwa sikio moja, wengi wataivua kabla ya jioni. Fedha 925 ina densiti ya karibu gramu 10.4 kwa sentimita moja ya ujazo. Kisahani cha kipenyo cha 30 mm na unene wa 1 mm kina gramu 7.3. Kipunguze kiwe cha 0.6 mm, unapata 4.4. Ukifanya sampuli kwa shaba ya njano, zidisha uzito wake kwa 1.22 upate wa fedha. Ukichonga kwa nta, zidisha kwa 10.5 hivi.

Mizani. Kidani kinachoinamia mbele kimetobolewa mahali pabaya. Kitundike kielelezo cha kadibodi kwa pini kwenye ukingo, teremsha uzi wa timazi, chora mstari. Kitundike kwa pointi nyingine, chora tena. Mistari inapokatana ndipo kitovu cha uzito, na tundu la kuning'inizia linatakiwa kuwa juu yake moja kwa moja, juu kadiri umbo linavyoruhusu. Kwenye umbo lililobinuka, kipete (kile kinachoning'iniza kidani) kikikaa nyuma kabisa huku uzito uko mbele, uso utaangalia chini.

Tundu. Acha angalau 1.5 mm kati ya tundu na ukingo. Kipete kinacheza maisha yake yote na kinakula fedha polepole.

Kuhusu vivuli: ukitoboa bamba na kulilaza juu ya ngozi hupati kivuli, unapata madoa ya rangi ya ngozi. Libinue ili katikati liinuke 3 mm au zaidi. Hapo mwanga unapita na kivuli kinahama mvaaji akigeuka. Matundu yasipungue 1 mm, chini ya hapo yanaziba kwa sabuni na vumbi. Baina ya tundu na tundu acha upana usiopungua unene wa bamba, la sivyo ukibinua panachanika. Na binua kwanza kwa kina kidogo ndipo utoboe, kwa sababu matundu yaliyotobolewa kwenye bamba bapa yanavutika yakawa mayai.

Nta_na_Moto

Tahadhari tu kwa anayefikiria njia ya mkato: kulichukua ganda lenyewe, kulizika kwenye plasta, kulichoma na kusubu fedha mahali pake. Inawezekana, lakini mara nyingi mikunjo ya ganda huwa chini ya 0.6 mm na fedha inaganda kabla haijafika mwisho. Paka nta iliyoyeyuka upande wa ndani hadi unene wa karibu 0.8 mm. Mbegu ngumu ziondoe, zinaacha majivu na majivu yanaacha vishimo. Kombe la baharini usijaribu kabisa: ni kalisi, haliungui likaisha kwenye joto la kawaida la tanuri. Tengeneza kalibu ya silikoni kwanza, toa nakala ya nta, ndiyo usubu.

Hata ikitoka safi, umepata nakala ya ganda. Kazi ya ubunifu bado haijaanza.

Mwanagenzi

Shukrani sana wadau. Na wavu je? Na vile vipande sita, niweke vitu vyote vitatu au nichague?

Fuawe

Chagua kimoja. Mkusanyo wenye misukumo mitatu unakuwa mikusanyo mitatu iliyokatika njiani. Ningeanza na ganda kwa sababu lina mwendo, vivuli uviweke akiba.

Vipande sita: kimoja kikubwa kinachosema wazo lote kwa sauti, viwili vya kati, vitatu vidogo vya kuvaliwa kila siku. Viwe na kitu kimoja kisichobadilika (tuseme mshono unaoonekana daima) na kitu kimoja kinachobadilika kwa hatua: ganda lililofumba, lililoanza kupasuka, hadi lililosokotwa kabisa. Ung'arishaji uwe mmoja kwa vyote. Watu huweka vya kung'aa na vya matti (visivyong'aa) pamoja wakidhani wanaongeza utajiri, matokeo yake vipande havijuani.

Wavu uje baadaye, na ukija, achana na picha ya wavu. Kinachofanya wavu uwe wavu ni jicho linalofunguka likivutwa upande na kufumba likivutwa urefu. Vipete vilivyounganishwa kimoja kwa vinne, yaani kila kimoja kimepita ndani ya vingine vinne, vinakupa tabia hiyohiyo. Uwiano ndio kila kitu: waya wa 1 mm, kipenyo cha ndani cha 4 mm. Ukishuka hadi 3 unakakamaa, ukifika 5 unalegea na mianya inakosa mpangilio. Vipete uvilehemu, visipolehemiwa vitafunguka kwenye nywele za mtu.

Koleo_Bapa

Halafu ondoa picha zote za vito kwenye ubao wako wa misukumo. Zote. Ukitazama hereni utatengeneza hereni ile. Weka mbegu, bawaba, viungo vya kaa, mikunjo ya nguo.

Kwenye maelezo ya falsafa, sentensi tatu zinatosha: unatazama nini, unakifanyia nini kwa mkono, mvaaji anapata nini. Kwa mfano: "Natazama maganda yanavyopasuka yakikauka. Kila kipande kina nusu mbili zilizoshikwa kwa ribiti moja, bila kulehemu. Anayevaa ndiye anayeamua kifumbe au kifunguke." Sentensi ambayo ingeweza kuwekwa chini ya kazi ya mtu mwingine na ikakaa, ifute.

Mwanagenzi

Nimechora hereni: nusu mbili za ganda, kila moja urefu wa 45 mm, upana wa 14 mm, bamba langu la 0.8, zimeshikwa juu kwa ribiti ili zifunguke. Kuna tatizo?

Bi_Kidani

Lipo, dada au kaka. Umbo la ganda linachukua karibu asilimia 70 ya mstatili wake, yaani 441 mm². Kwa 0.8 mm kila nusu ni gramu 3.7, mbili zinakuwa 7.3 kwa sikio moja, bado kulabu. Shuka hadi 0.5 mm, jumla inakuwa 4.6.

Fuawe

Na 0.5 mm ikiwa bapa itapinda ikiguswa na kola ya shati. Fanya kama ganda linavyofanya: lina ukuta mwembamba lakini limebinuka, ndiyo maana halikunjiki. Chonga mfuo kwenye kipande cha mbao ngumu, upana wa 14 mm na kina cha 3 mm, lilaze bamba lililolainishwa, gonga kwa nyundo ya plastiki kuanzia katikati kuelekea ncha. Acha 5 mm za juu zibaki bapa kwa ajili ya ribiti. Kwa kukata bamba jembamba hivyo tumia bleidi ya msumeno ya 6/0, yenye meno madogo sana. Meno yakiwa makubwa kuliko unene, yananasa na bleidi inakatika.

Ribiti: waya wa 1 mm, tundu la 1 mm linaloingia kwa kubana. Waya uchomoze 0.5 mm kila upande. Ukizidisha, waya unalala badala ya kutanuka kuwa kichwa. Kabla ya kugonga, weka kipande cha karatasi kati ya nusu mbili. Gonga kwa mapigo mepesi upande huu na upande huu kwa zamu, kisha loweka kwenye maji ya uvuguvugu, karatasi itoke. Nafasi ya unene wa karatasi hiyo ndiyo inayozipa nusu mbili mwendo. Kama unataka zibaki wazi pale zinapoachwa, tumia karatasi nyembamba ya kufungia sigara. Zikitakiwa kuning'inia huru, karatasi ya kawaida ya kuandikia.