Daftari la wateja dukani: je, sheria ya data inanihusu?

Fundi simu, Arua
Ndugu zangu, nina duka dogo la kuuza na kutengeneza simu hapa Arua. Kila anayeniletea simu namwandika kwenye daftari: jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho cha taifa, na wengine huniachia hata nywila ili niijaribu simu baada ya kubadilisha kioo. Juma lililopita mteja mmoja alilikuta daftari wazi juu ya kaunta, akaupiga picha ukurasa mzima eti anatafuta namba ya jirani yake. Kompyuta sina. Je, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inanihusu, au ni ya mabenki na kampuni za simu?

Wakili, Kampala
Inakuhusu, fundi. Sheria hiyo inalinda taarifa zinazomtambulisha mtu zilizorekodiwa kwa namna yoyote ile, kwa hiyo kalamu na karatasi havikuokoi. Kanuni za mwaka 2021 zinamtaka anayekusanya taarifa hizo ajisajili katika Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, na usajili huhuishwa kila mwaka. Anayetoa taarifa za watu kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 4,900,000 au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni inaweza kuamriwa kulipa hadi asilimia 2 ya mapato ghafi ya mwaka. Kuhusu ile picha, ukiamini kuwa taarifa zimefikiwa na asiyeruhusiwa unapaswa kuijulisha Ofisi mara moja, nayo ndiyo huamua kama wateja waambiwe. Nywila usiiandike kabisa. Mwenye simu aifungue mwenyewe mbele yako.

Muuza vitenge, Jinja
Wakili, mimi naona sheria hii imeacha pengo, kwa kuwa haigusi usawa wa mtandao, yaani tovuti na huduma zote kufunguka kwa masharti yaleyale. Kuanzia Julai 2018 tulilipa shilingi 200 kwa siku ili kufungua WhatsApp na Facebook, ilhali tovuti nyingine zilifunguka bila kodi hiyo, mpaka mwaka 2021 ilipowekwa badala yake kodi ya asilimia 12 juu ya bando. Januari mwaka huohuo Facebook ikafungwa. Wateja wangu wakakimbilia VPN za bure, yaani programu zinazopitisha mawasiliano kwenye kompyuta za watu wengine ili kukwepa kizuizi, na oda zao zikawa zinapita mikononi mwa watu ambao wala hawajulikani. Nitalindaje taarifa zilizokwisha kupita huko?

Wakili, Kampala
Dada, zinazokufikia ndizo unazowajibika nazo. Oda ichukue jina, namba na mahali pa kupeleka mzigo, basi.

Fundi simu, Arua
Nashukuru, wakili. Daftari nimelitia kwenye droo yenye kufuli. Namba ya kitambulisho nitaidai kwa anayeniuzia simu iliyokwisha kutumika tu, maana ikigundulika ni ya wizi nitaulizwa mimi. Wa kubadilisha kioo ataandikwa jina na namba kwenye kikaratasi, ambacho ataondoka nacho akichukua simu yake.